Siku Nne za Kupumzishwa

Watu wakisikia kwamba nimewahi kukaa kusini mwa Ufaransa, hunisogelea. Wanataka niwasimulie jua la kule, zeituni, na ile miji midogo ya mawe yenye kuta za kale. Basi niseme mara moja: nilikwenda katika mji wa namna hiyo, nikakaa siku nne, na jina lake silitaji. Najua mji wenyewe haukunikosea kitu. Lakini nimezeeka, nina wajukuu, na hadi leo nikiikuta picha yake kwenye kalenda ya mtu naigeuza ile kalenda ielekee ukutani, mwenye nyumba apende asipende.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Kazi yangu pale Lwiro, kwenye kituo cha utafiti, ilikuwa kukausha mimea. Unauchuma mmea, unaubana kati ya magazeti ya zamani, unaushonea kwenye karatasi ngumu, kisha unaandika chini yake jina la Kilatini na jina ambalo wanawake wa vijijini huuita kwa Kimashi. Ilikuwa miaka ya Zaïre, miaka ya kuitana citoyen na citoyenne, yaani raia, na msichana wa Kadutu, mtaa wa Bukavu, kupanda ndege kwenda Ulaya kwa staji, mafunzo ya kazini, ya miezi tisa ilikuwa habari ya mtaa mzima. Mama yangu, mjane aliyetusomesha kwa kuuza sambaza, dagaa wa ziwani, sokoni, alinisindikiza hadi uwanja wa ndege wa Kavumu akiwa amevaa viatu vya mdogo wake, maana vyake vilikuwa vimepasuka. Mdogo wake huyo, mama yangu mdogo, alikuja na kandambili. Walisimama wawili kwenye uzio wa waya wakipunga mikono hadi nilipoingia.

Kaka yangu mkubwa alikuwa tayari kule Ufaransa, mwaka wa sita, akisomea uinjinia katika mji uleule niliopelekwa mimi. Ndiye mzaliwa wa kwanza, na tangu baba afariki, neno lake nyumbani ndilo lilikuwa neno. Barua zote za nyumbani zilipitia kwake, eti kwa sababu mimi nilikaa kwenye hosteli ya wasichana na huko barua zinapotea. Kila nikimuuliza, jibu lilikuwa moja:

“Maman iko muzima. Anakusalimia sana.”

Kumbe tangu Februari mama alikuwa akilazwa hospitali na kutolewa, na barua zilisema hivyo waziwazi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Hawakusema afanywe nini yule anayewaficha wenzake maradhi ya mama yao wote.

Jumatano moja ya mwezi wa tano kaka alikuja kunipokea kazini. Hilo peke yake lilitosha kunishtua, kwa sababu katika miezi saba hakuwahi kuvuka barabara kwa ajili yangu. Mkononi alikuwa na keki ndani ya sanduku la karatasi.

“Kesho ni Ascension, na vendredi bazungu banafanya pont,” akasema. “Ni siku ine nzima. Umechoka, dada. Tutaenda kwa rafiki yangu, upumzike kidogo.”

Pont ni daraja. Sikukuu ikiangukia Alhamisi, kama hiyo ya Kupaa, Wafaransa huiruka Ijumaa na kuunganisha mpaka Jumapili, na hakuna anayewauliza.

“Sijachoka,” nikamwambia.

“Umechoka. Na ubebe pagne ya muzuri.”

Hapo ndipo nilipojikwaa. Kwetu, kaka akikupeleka kwenye nyumba ya watu waliooana, akakuambia ubebe kitenge kizuri, na hasemi kwa nini, msichana haulizi. Anajua kuna mwanamume anakuja kumtazama. Nilipandwa na hasira palepale mbele ya keki. Mimi, niliyeagizwa na wakubwa wa kazi, nilikuwa napelekwa kupimwa kama maharage! Nikapakia sketi yangu mbaya kuliko zote, ile ya kahawia yenye doa la iodini, na kitenge nikakitupia chini ya sanduku ili tu kaka asipate la kusema.

Tulikwenda kwa basi, saa moja na nusu, tukipita mashamba ya mizabibu. Mji ulikuwa umezungushiwa ukuta mzima, na unaingia kwa kupita chini ya mnara. Ndani, vichochoro vya mawe yaliyolainishwa na miguu ya watu wa miaka mia saba, maua kwenye madirisha, paka wanene. Nakubali, palikuwa pazuri. Rafiki ya kaka alikuwa mtu wa Bukavu kama sisi, akifundisha hesabu katika shule ya pale, na mke wake alikuwa binti wa Bagira, mtaa wa kwetu wa wanawake wenye ulimi mkali. Yule mke alinikumbatia mlangoni. Akanikumbatia tena. Alinishika muda mrefu hivi kwamba nilianza kutazama dari.

Walinipa chumba chao na kitanda chao, wao wakalala chini sebuleni. Nilipokataa, mume akaniambia, “Acha tu, dada, weye ni mugeni.” Chakula alichopika mke kilikuwa cha harusi: samaki, mchele, sombe, yaani kisamvu, aliyoitoa sijui wapi. Na kulikuwa na kitu kingine ambacho masikio yangu yalikinasa mapema kuliko akili yangu. Nyumba ya Wazaïrois, siku ya sikukuu, rekodi zimejaa rafu nzima, na hakuna muziki. Kifaa cha kuzipigia kilikuwa kimefunikwa kitambaa. Niliuliza kama kimeharibika. Wakasema ndiyo.

Alhamisi jioni tulitembea juu ya ukuta wa mji. Kutoka kule unaona mapaa mekundu, kisha mashamba, kisha vilima vyenye rangi ya moshi. Mke wa rafiki alitembea nyuma yangu hatua kwa hatua, na kwenye ngazi aliweka mkono mgongoni mwangu.

“Angalia usianguke.”

“Miye si mutoto,” nikamwambia.

Hakukasirika. Hata hilo liliniudhi. Binti wa Bagira unamjibu vile halafu asikurudishie!

Ijumaa walinipeleka soko la uwanjani, chini ya miti mikubwa yenye magome yanayobanduka, kando ya chemchemi ya mawe. Kulikuwa na jibini za mbuzi, vitunguu saumu vilivyosukwa, sabuni, zeituni za namna kumi. Kaka akasema anapita posta mara moja, sisi tuendelee. Aliporudi alikuwa amenunua kofia ya majani, ya kike, yenye utepe, akanivisha mwenyewe kichwani. Mtu ambaye nyumbani alikuwa akituhesabia vipande vya sukari! Nikaivua, nikamkabili mbele ya yule muuza zeituni.

“Mwanaume mwenyewe ni nani?”

“Mwanaume gani?”

“Ule mwenye munanileteaka huku. Munafikiri miye ni mujinga?”

Walitazamana wote watatu. Nimelirudia tazamo lile mara elfu. Kwanza waliduwaa. Kisha nikaona mabega ya kaka yakishuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo, na akacheka. Mwenzake akacheka pia. Mke hakucheka, aliinama akapanga nyanya ambazo hazikuwa zake.

“Dada iko na akili,” kaka akasema. “Bon. Batakuya dimanche. Utabaona.”

Hili ndilo siwezi kulimeza. Kuninyamazia ni jambo moja. Kosa langu, lililotokana na malezi yetu wenyewe, wao waliliokota sokoni wakanilisha. Kuanzia hapo walikuwa na uongo ulionyooka, na mimi mwenyewe ndiye niliyewashonea.

Jumamosi nzima niliketi kwenye benchi la chemchemi nikitunga hotuba ya kumkataa mwanamume asiyekuwepo. Ilikuwa hotuba nzuri. Ilikuwa na shukrani kwa wazee, ilikuwa na heshima, na ilikuwa na sentensi moja kali kuhusu wanawake wenye kazi zao. Wazee wa Kifaransa walicheza tufe za chuma vumbini mbele yangu, na mmoja aliniinulia kofia yake. Jua lilikuwa tamu. Kwa saa moja au mbili nilipumzika kweli, na sijui nimkasirikie nani kwa hilo. Niseme na ukweli wote: jioni ile nilikitoa kitenge chini ya sanduku nikakipiga pasi. Nilikuwa nimeamua kumkataa, lakini nilitaka ajutie.

Jumapili tulisali katika kanisa la kale, lenye giza na baridi hata nje kukiwa na joto. Niliimba. Tukarudi, mke akapika bugali, bugali wa kweli, na kaka akasimama juu yangu mpaka nikamaliza sahani. “Kula, dada. Ongeza.” Saa nane nikasikia nyayo kwenye ngazi. Nikajiweka sawa kwenye kiti.

Waliingia watu sita, wote wa kwetu, waliotoka miji ya jirani. Wanawake walikuwa wamejifunga vitenge kiunoni juu ya magauni. Hakuna aliyebeba kinywaji. Hakuna kijana aliyenyoa vizuri na kushika kofia mkononi. Na hapo mke wa rafiki akaja nyuma ya kiti changu, akaniwekea mikono mabegani, yote miwili.

Nilijua. Mimi mwenyewe nimesimama nyuma ya viti vya namna ile, Kadutu, tangu nina miaka kumi na mitano. Mtu aliye mbali haambiwi kifo akiwa peke yake, wala akiwa na njaa, wala akiwa amesimama. Unamlisha, unamkalisha, watu wanajaa, mmoja anamshika mgongo, ndipo neno linatoka. Nilizijua hatua zote, na walikuwa wamenipitisha hatua zote kwa siku nne nikiwa nawaza mwanamume.

“Ni nani?” nikauliza.

“Maman,” kaka akasema.

Nililia mpaka jirani akagonga ukuta. Nilipopata sauti niliuliza lini. Mardi, akasema, Jumanne. Niliuliza mazishi.

“Leo. Saa ine ya asubui.”

Saa nne. Nilikuwa kanisani nikiimba.

Sanduku langu lilikuwa na tikiti ya kurudi, tikiti wazi, unaandika tarehe unayotaka. Telegramu ilimfikia kaka Jumatano asubuhi, kabla ya keki. Nilihesabu kwa vidole mbele ya wale watu sita: Jumatano usiku treni, Ijumaa ndege kutoka Brussels, Jumamosi Bujumbura, na kutoka Bujumbura gari hadi Bukavu kabla ya jua kuzama. Ningemkuta. Ningekaa naye usiku mmoja.

“Ungefanya nini kule?” kaka akaniuliza, na alikuwa analia naye, simnyimi haki yake. “Maman alikwisha kufa. Ulikuwa umebakisha miezi mbili. Ungeacha staji, bangekupa tena? Nilitaka kwanza upumzike.”

Nilimwambia maneno ambayo dada hamwambii kaka yake mkubwa mbele za watu. Mzee mmoja akanikatiza, akanikumbusha kwamba hiyo ndiyo desturi yetu, na kwamba kaka ameifuata vizuri.

Naomba nieleweke hapa, maana kwa miaka yote watu wamenijibu hivyohivyo, na wananiongezea kwamba hasira hasara. Desturi yetu siikatai. Ni desturi ya huruma. Lakini kwetu tunamdanganya mtu ili apande gari aje. Tunamwandikia, “Mama yako anaumwa kidogo, njoo,” na yeye anasafiri akiwa na nguvu, anafika kwa watu wake, anakuta kilio, na kilio kinampokea. Uongo ule ni wa kumfikisha kwa maiti. Kaka yangu aliuchukua akaugeuza, akaufanya wa kunizuia. Alichofuata si desturi. Alitumia viti vya desturi na mikono ya desturi tu.

Na kwa nini? Nilipata muda mrefu wa kufikiri. Yeye hakuwa na tikiti. Kama mimi ningefika Bukavu, binti, mdogo, wangeuliza kaka yako yuko wapi, mzaliwa wa kwanza, mwanamume. Hajawahi kukubali kwamba ndivyo ilivyokuwa. Aliporudi na diplomu yake miaka mitatu baadaye alichinja mbuzi, akanipa figo kwa mkono wake mwenyewe. Nilimla mbuzi. Kusamehe bado.

Nilimaliza staji. Ningerudi kwa mazishi yaliyokwisha? Mwezi wa saba nikashuka Kavumu, na nilitegemea kile anachokitegemea kila mtoto aliyechelewa kilio: ukifika kwenye njia ya kuingilia nyumbani unaanza kulia kwa sauti, na wanawake wa nyumba wanatoka mbio, wanakipokea kilio chako, mnalia upya kama siku ya kwanza.

Nilianza kulia kwenye njia. Hakuna aliyetoka.

Mama mdogo alikuwa ameketi mlangoni akichambua mboga. Alinipa ncha za vidole. Shangazi zangu walikuwa ndani, wakasema karibu kama unavyomwambia mwalimu wa shule. Chakula changu kililetwa kwenye sahani ya peke yangu, na kijiko juu yake, wakati wao wanne walikula pamoja kwenye sinia moja upande wa pili. Nilidhani ni Ulaya wanayonisusia. Siku ya tatu nikashindwa, nikamfuata mama mdogo jikoni.

“Nimewafanyia nini?”

Aliingia chumbani, akatoka na kikaratasi kilichokunjwa mara nne, akanipa, akarudi kukoroga sufuria. Ilikuwa telegramu kutoka Ufaransa. Ilisema kwamba dada ameambiwa, dada hatakuja, wazike bila kumngojea. Ilitumwa Ijumaa, siku ile kaka alipopita posta mara moja.

“Tulikungojea,” mama mdogo akasema, mgongo wake kwangu. “Tulimuacha dada yangu kwenye morgue ya hospitali siku ine juu yako. Tonton yako alienda na gari mupaka Ruzizi, samedi asubui, kukupokea kwa barrière ya mupaka. Ile telegramme ikafika midi, saa sita. Batu yote banauliza, mutoto ya namna gani huyu? Miye nikasema, ni kusoma. Kusoma inakaushaka roho.”

“Sikuambiwa.”

“Iko imeandikwa.”

“Mama mudogo, sikuambiwa. Niliambiwa dimanche, saa munane, mumekwisha kumuzika.”

Niliapa kwa kaburi la mama yangu. Kwetu hilo si neno la kuchezea, ukiapa kwa uongo unalifuata kaburi. Akageuka akaweka mwiko chini. Ninamlaumu kaka kwa mengi, lakini kwa hili zaidi: kwa miezi miwili, katika nyumba niliyozaliwa, nilikuwa mtoto aliyekataa kumzika mama yake, na sikujua.

“Vala viatu,” akasema. Akaipua sufuria, mboga zikiwa bado mbichi.

Tulikwenda makaburini kwa miguu, yeye mbele. Njiani alianza kusema, kwa vipande, akisimama kupumua kwenye kila mwinuko. Jeneza liliposhushwa, waliita majina ya watoto mmojammoja, mkubwa hadi mdogo, kila mmoja akarusha konzi ya udongo. Kwa kaka, aliyeandika kwamba masomo yamemfunga, jina liliitwa na mjomba akarusha kwa niaba yake. Walipofika kwangu, shangazi akasema, ruka huyo.

“Jina yako haikuitwa,” mama mdogo akasema. “Na miye nilinyamaza.”

Kaburi lilikuwa limekwisha kupigwa sima, yaani saruji, limesawazishwa vizuri, na msalaba wa sima juu yake. Kaka ndiye aliyeagiza, ili mvua isije ikalibomoa. Nililizunguka lote. Hapakuwa na mahali pa udongo.

Hatua chache kutoka pale fundi mwashi alikuwa akijenga kaburi la mtu mwingine, jamaa za marehemu wakimtazama. Mama mdogo akamwita.

“Leta nyundo na patasi. Toboa hapa.”

“Maman, kaburi iko na mwenyewe,” fundi akasema. “Nitafungwa.”

“Mwenyewe ni miye. Huyu alinibeba mu mugongo. Toboa.”

Fundi alinitazama mimi, akatazama njia, akapiga magoti. Sima ilikuwa ngumu, ilimchukua muda, na vipande viliruka hadi kwenye kitenge changu. Alipofika kwenye ardhi akasimama kando, akavua kofia.

Nilichota udongo kwa mkono wa kulia. Mama mdogo akajifunga vizuri kitenge chake, akasimama wima upande wa kichwa, akaliita jina langu lote, la nyumbani na la baba, kwa sauti iliyowafanya watu wa kaburi lile jingine wageuke.

Nikaitika.